Nyumba Isiyofukizwa

Majivu yakikutana na maji ya ndimu hutoa harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa mtu asiyewahi kusugua sufuria kwa kumbi la nazi. Ni harufu kali, ina uchungu kidogo, na hukaa kwenye kucha kutwa nzima. Juzi niliisikia tena nikiwa nimechutama uani kwa marehemu mama, hapa Wawi, lundo la masufuria liko mbele yangu, Shaaban iko ukingoni, na mgongo unaniambia kwamba mimi si msichana tena. Nikaacha kusugua. Nisidanganye, haikuwa huzuni, ilikuwa uchovu tu. Nikavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikakaa.

Siku hizi mambo haya yana jina. Mwaka jana tuliitwa semina, akina mama wa shehia yetu, binti mmoja mchangamfu akatufundisha kusafisha nyumba kwa ndimu, majivu na chumvi, akasema huo ndio usafi usioharibu mazingira. Jirani yangu aliniegemea akaninong'oneza, "Huyu kaja kutufunza kutafuna." Nikacheka, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshahamia zamani kwenye chupa za dukani, zile za maji ya buluu zenye harufu ya ndimu ambayo ndimu yenyewe haiijui. Kisha yule binti akasema kwamba kitu cha asili hakimdhuru mtu. Hapo nilitaka kunyanyua mkono. Sikunyanyua, nilikuwa nimechoka, na chai ilikuwa inaletwa.

Kwetu nyumba haikusafishwa kwa sababu ni chafu. Ilisafishwa kwa sababu Ramadhani inakuja, na Ramadhani ni mgeni asiyekaribishwa kwenye utandabui. Shaaban ikianza kwisha mama alitoa nje kila kitu kinachobebeka. Magodoro ya sufi yalianikwa juu ya majamvi, vitanda vya kamba vikamiminiwa maji ya moto kwenye viungo mpaka kunguni waone dunia imewafikia mwisho. Masinia ya shaba tuliyasugua kwa mbirimbi, yale matunda makali kuliko ndimu, yakang'aa hadi ukajiona meno. Khanga za sandukuni zilikung'utwa, zikarudishwa na karafuu kavu zimetiwa baina ya kunjo na kunjo ili nondo wasisogee. Baba alileta chokaa iliyochomwa kwa mawe ya pwani, mama akaipaka kutani kwa brashi ya makumbi. Mwisho ikawa zamu ya sakafu. Yetu ilikuwa ya udongo, na mama aliisiriba upya kwa udongo mwekundu, kwa kiganja chake, akirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mlangoni, ameinama, hana wa kumpokea. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukamua ndimu. Nikiifikiria Shaaban ya utoto wangu, nauona mgongo wa mama kuliko uso wake.

Nyumba ikikaribia kukauka ndipo aliposhuka garini bibi yetu, Bi Mize, mama yake baba, akitokea Konde na mfuko wake wa ukili. Ndani ya mfuko mlikuwa na bati la maziwa ya unga, na ndani ya bati mlikuwa na udi. Bibi alikuwa akiupika mwenyewe. Vipande vya udi na vya sandali, sukari, marashi, na vitu vyengine ambavyo hakumwambia mtu, vyote aliviweka jikoni juu ya moto mdogo mpaka vikashikana. Hakuwa na shamba la kuturithisha wala ng'ombe wa kutupa. Alikuwa na udi, na kila Shaaban alituletea ule uliotoka vizuri kuliko wote. Makaa yalitiwa kwenye chetezo cha udongo, udi ukawekwa juu ya makaa, bibi akakizungusha kile chetezo kila pembe, nyuma ya milango, chini ya vitanda, madirisha yamefungwa ili harufu iingie kutani ikae.

"Nyumba isiyofukizwa si safi," alikuwa akisema. "Hata uifue kwa sabuni saba. Malaika wa Ramadhani huipita hivi."

Hilo la malaika nililichukua kama lilivyo. Nilidhani malaika huitafuta nyumba kwa pua, kama paka anavyotafuta kwenye samaki, na kwamba nyumba ya jirani yetu, ambaye udi wake ulikuwa wa kubahatisha, ilikuwa ikirukwa kila mwaka. Nilimwonea huruma sana yule jirani.

Nilikuwa na mdogo wangu, Saumu. Alizaliwa ndani ya mwezi wa kufunga, na kwetu jina hilo halihitaji maelezo zaidi. Saumu alikuwa na kifua. Mara ya kwanza nilipousikia ule mlio wake nilidhani kitoto cha paka kimefungiwa mahali, nikainama chini ya kitanda kukitafuta, nikapekua nyuma ya mitungi, kumbe mlio unatoka kwa mdogo wangu aliyelala. Watu wazima waliita pumu. Bibi alisema ugonjwa hupenda uchafu. Basi nikajua dawa. Saumu akianza kupiga filimbi yake mimi nilikamata ufagio wa chelewa, nikafagia mpaka pasipo na kitu cha kufagia, vumbi likapaa hadi juu ya dari. Na si mimi peke yangu. Nyumba nzima tuliamini hivyo. Saumu akibanwa, tulisafisha. Tukimaliza kusafisha, tulifukiza. Tukifukiza, Saumu akabanwa tena, nasi tukaona hatujasafisha ya kutosha.

Kuna Shaaban moja bibi alikuja na udi mwingi kuliko kawaida. Alikuwa amesikia kwamba Saumu amekuwa akiugua, na mapenzi yake yote aliyamaliza kwenye lile bati. Mama alikuwa bado uani anamalizia kusiriba baraza ya nyuma. Bibi akafunga madirisha. Akanivisha gauni langu jipya, akamvisha Saumu lake, kisha akamkalisha mdogo wangu juu ya kigoda, akakisogeza chetezo chini ya kile kigoda, akamfunika na khanga kubwa kuanzia kichwani mpaka chini, kama tunavyofanya tunapotaka moshi ushike nywele. "Mgonjwa ndo apate zaidi," aliniambia. Mimi nikaona wivu. Nilikaa pembeni nikisubiri zamu yangu ya kuingia ndani ya khanga.

Kitoto cha paka kikaanza kulia ndani ya khanga. Bibi akasoma dua, akasogea kuongeza kipande cha udi. Kisha mlio ukakatika, na mimi nikafikiri sasa kapoa. Mama ndiye aliyejua kwamba ule ukimya si wa kupoa. Sijui aliusikiaje kutoka uani. Aliingia mbio na mikono yake myekundu kwa udongo, akautia mmoja kwenye ukuta wa mlango ili asiteleze kwenye sakafu mbichi, akaivuta ile khanga. Midomo ya Saumu ilikuwa rangi ya majivu. Mama akambeba nje, akakaa naye baina ya magodoro yaliyoanikwa, akamwegemeza mbele, akimsugua mgongo na kumpepea, na gauni jipya lote likawa viganja vya udongo. Jua lilikuwa limeanza kuinama pale pumzi iliporudi kidogo, nyembamba kama uzi. Baba akatafuta gari wakampeleka hospitali Chake, Saumu akapewa dawa, akarudi akiwa amechoka kama mtu mzima. Bibi alikuwa amekaa ukumbini na bati lake mapajani. Alirudia neno moja tu, "Jicho. Ntoto huyu kapigwa jicho." Na sote tukakubali kwamba ni jicho.

Mwaka ule karafuu zilizaa. Tulihamia kambini shambani, familia nzima, ndani ya banda la makuti lisilo na ukuta hata mmoja wa maana. Tulilala juu ya majamvi yaliyojaa mchanga. Mbuzi wa watu waliingia na kutoka. Jioni tulikaa tukichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake mpaka vidole vikawa vyeusi na vinanata, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufagia chochote. Palikuwa pachafu, na mimi kila nikilala nilitega sikio kusubiri kitoto cha paka. Hakikulia. Saumu alinenepa. Alikuwa akikimbizana na wale mbuzi siku nzima. Mama alikuwa akimtazama, mkono umesimama na shada la karafuu. Mimi niliona labda jicho limetupotea njiani, halijui kwamba tumehama.

Shaaban ikarudi, kama inavyorudi. Mama akatoa vitu nje, akapaka chokaa. Ukutani pale mlangoni kile kiganja chake chekundu kilikuwa bado kipo. Alikipaka chokaa, kikapotea, chokaa ilipokauka kikajitokeza tena, sasa kimekuwa cha waridi. Akakipaka tena. Kikarudi. Nilikuwa nimeshika ndoo, nikamwona ameteremsha brashi na kukitazama muda mrefu, kana kwamba ni mkono wa mtu mwengine. Kisha akaenda jikoni, akakitoa chetezo kutoka mahali pake pa heshima, juu ya rafu, akakitia majivu ya kusugulia vyombo hadi ukingoni, akakiweka chini karibu na mtungi.

Bibi alipofika alizunguka nyumba, akasifu kuta, akasifu masinia, kisha akamuuliza mama.

"Hadia, chetezo ki wapi?"

"Kipo, Mama. Mwaka huno hatufukizi."

Bibi alicheka kwanza. Alidhani anataniwa. "Nyumba isifukizwe kwa kuwa ntoto akohoa? Watoto wote hukohoa. Huyu mumeo kakohoa mpaka kaota ndevu."

"Saumu hakohoi, Mama. Saumu aigombania pumzi." Mama alikuwa akizungumza na kitambaa alichokuwa anakikamua. "Kule kambini kalala na mbuzi. Kalala na vumbi. Hakubanwa hata siku moja. Namrejesha kwenye nyumba safi, nyumba yanukia, ndo aja kunifia mikononi?"

"Basi weye wasema udi wangu ndo unaomuua."

"Sikusema udi wako, Mama. Nimesema moshi."

"Na udi bila moshi ni kitu gani? Ni ukuni." Bibi alikuwa ameushika mfuko wake kwa mikono miwili. "Miye natoka Konde na mifupa yangu hino, nakuletea kitu cha mikono yangu, waniambia miye namuua mjukuu wangu."

Baba alikuwa amesimama baina yao. Akamtazama mamaake, akamtazama mkewe, na kama ilivyo desturi ya wanaume nyumba ikiwaka, akakumbuka kwamba sala imekaribia. Alivaa kofia akatoka. Mama alibaki peke yake. Leo ninajua uzito wa jambo lile. Kumwambia mama mkwe hapana, ndani ya nyumba iliyojengwa na mwanawe, siku ya ada, mbele ya watoto, kwetu si mchezo. Mwanamke hurudishwa kwao kwa dogo kuliko hilo. Siku ile mimi niliona kitu kimoja tu, kwamba mama hampendi bibi. Moyo wangu ulikuwa kwa bibi wote.

"Nisamehe, Mama," mama akasema. "Miye nishachoka. Nasafisha nyumba hino mpaka mgongo wakatika, nikimaliza mwanangu akosa pumzi. Kama ni dhambi, ni yangu. Lakini hapachomwi kitu hapa."

Bibi akakiona chetezo pale chini kimejaa majivu, na kipande cha kumbi kimechomekwa katikati. Alichukua mfuko wake, akateremka njiani kusubiri gari ya kurudi Konde, na hata maji ya kunywa hakutaka.

Jioni ile mwezi uliandama. Watu walishangilia, kila nyumba inanukia, na moshi wa udi wa majirani ukipita juu ya ua wetu kwenda zake. Mimi nilikuwa na wasiwasi mkubwa kuliko umri wangu. Malaika wangetujuaje? Nikafungua sanduku la mama, nikachota karafuu zilizokuwa baina ya khanga, nikaziponda kwa jiwe na kuzimwaga kizingitini. Nikaongeza majani ya mrihani niliyoyafikicha kwa viganja. Kisha nikasimama mlangoni, nikawa namwambia kila upepo unaopita, "Karibuni. Karibuni ndani. Ni hapa."

"Wazungumza na nani?" mama akaniuliza nyuma yangu.

Nikamwambia. Nikamweleza na habari ya pua zao. Nilitarajia kipigo kwa ajili ya zile karafuu. Mama alikaa kizingitini pale pale, juu ya karafuu zilizopondwa, akajifunika uso kwa ukaya wake, na mabega yakawa yanatikisika. Nilifikiri anacheka. Nikacheka na mimi.

Saumu alilala Ramadhani yote bila filimbi, na jirani yetu wa udi wa kubahatisha akawa anatuonea huruma sisi. Maneno yalisemwa. Wako waliosema mama ana mkono mzito, wako waliosema ana shetani asiyetaka udi. Yeye alikuwa akiyasikia akiwa kisimani, anajaza ndoo yake, anarudi. Bibi hakuja sikukuu ile, wala ile ya kuchinja, ya Mfunguo Tatu.

Alikuja Shaaban iliyofuata. Aliteremka garini taratibu kuliko zamani, na mfuko wake ule ule wa ukili. Mama alipouona mfuko nilimwona ameshika kiuno, kama mtu anayejiandaa kubeba gunia. Bibi hakuzunguka nyumba, hakusifu kuta. Aliketi, akaupakata mfuko, akatoa kikuba, kishada cha asumini na mkadi na majani ya mrihani vilivyofungwa pamoja kwa uzi wa mgomba, vimekwisha kunyauka kidogo kwa safari. Akamwita Saumu. Alimwekea kile kikuba puani, akashikilia, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, uso wake umekaza. Saumu akapiga chafya, akacheka, akakimbia.

"Kino hakina moshi," bibi akasema, hakumtazama mama. Akakitundika kwenye msumari wa mlango, juu ya kile kiganja cha waridi, akaomba maji ya kunywa. Mama alimletea kwa bilauri mpya.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikufukizwa tena. Saumu amekua, ameolewa Wete, mtaa wa Jadida, ana watoto wake, ila kifua hakikumwacha. Yeye hunusa mlango kabla ya kuingia, kama mtu mwengine anavyovua viatu. Arusi ngapi amezisikilizia dirishani, matanga mangapi amekaa nje na wanaume kwa mbali, buibui limemziba pua, watu wakidhani ana maringo. Mazishi ya bibi pia alikaa nje. Bibi alifukizwa kwa udi alioupika mwenyewe, na mama alikuwa akitoka kila mara kumpelekea Saumu habari uani, sasa anakoshwa, sasa anavishwa.

Nafikiri ni siku ile mama alipoamua, maana tukiwa tunasugua vyombo Shaaban iliyofuata aliniambia bila kunyanyua uso, "Siku yangu ikifika msichome kitu. Hata ubani. Saumu aingie." Nikamwambia mambo hayo yako mbali. Akanipa sufuria jengine.

Hayakuwa mbali sana. Alifariki baada ya Mfunguo Tatu, asubuhi, na kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa imejaa wanawake wenye mapenzi na mmoja wao ana chetezo chenye makaa. Nikasimama mlangoni, nikamwambia hapana moshi. Akaniuliza, "Hata ubani?" Nikasema hata ubani. "Mamaako aondoke hivi hivi? Watu watasemaje?" Nikamwambia watasema, sisi tumezoea. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira sikuwa nayo, nimesimama tu, mkono mmoja nimeuegemeza ukutani. Bi mkoshaji, mtu mzima, akaniangalia, akamtazama yule mwenzake, akasema udi ni ada na wasia ni wasia, chetezo kirudi uani. Ndani tukaweka kafuri kwenye maji na mrihani na asumini.

Saumu alifika kutoka Jadida. Wanawake wakampisha. Akasimama kizingitini kwa mazoea yake, ncha ya buibui iko puani, dawa yake ya kuvuta ameikamata mkononi, tayari kurudi nyuma. Akanusa. Akanusa tena, akanitazama.

"Hamjafukiza?"

"Mama kakataza," nikamwambia. "Kwa ajili yako."

Kisha akateremsha buibui, akaiweka ile dawa juu ya dirisha, akapita ndani. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko, akaniuliza maji yako wapi.